Fa ya Dada Mkubwa

Siku ya kwanza ya darasa Mwalimu alifungua mlango, akamwona wifi yake ameketi kiti cha mbele kabisa, magoti pamoja, filimbi mpya mapajani, na papo hapo akajua kwamba mtu huyu ametumwa. Hakuna aliyemwambia. Alijua tu, kama unavyojua maziwa yamechacha kabla hujayatia mdomoni.

"Shikamoo, wifi," akasema, maana adabu haina likizo.

"Marahaba, Mwalimu," akajibu yule.

Mwalimu! Hebu isikilize hiyo. Mtu mmemenya naye vitunguu jikoni kwa mama mkwe mwaka nenda mwaka rudi, leo anakuita Mwalimu mbele za watu, na usoni hana hata tabasamu la kuazima. Kama si kejeli ni nini? Mwalimu aliweka mkoba mezani, akawageukia wengine na kuanza kuwafundisha namna ya kukaa.

Huyo wifi alikuwa dada wa kwanza wa mume wake, na nyumbani wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Dada Mkubwa. Mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na wachache wa maneno ndio wa kuogopwa, maana hujui maneno yao wameyaweka wapi. Zamani, Mwalimu alipokuwa bibi harusi mbichi, aliunguza sufuria ya wali, na kabla sufuria haijapoa habari zilikuwa zimeshamfikia mama mkwe. Jikoni siku ile walikuwa wawili tu. Hesabu ya namna hiyo haitaki kalamu.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vichache juu ya duka la rangi. Kuna cha kompyuta, kuna cha cherehani, kuna ofisi ya Mkuu, na kile cha mwisho, chenye dirisha lisilofungika, ndicho alichopewa Mwalimu. Shule za chekechea zilikuwa zimeanza kudai kwamba mlezi wa watoto ajue kupuliza filimbi na kuandika nota nyepesi ubaoni, na awe na cheti. Mkuu wa chuo, ambaye pua yake kwa biashara haina mchezo, akafungua darasa. Filimbi ni zile za plastiki wanazoanzia watoto, zenye mdomo kama wa bata, matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Si kitu cha kumtisha mtu. Anayetisha ni mtahini.

"Mtahini hanyanyuki kwake kwa watu chini ya sita," Mkuu alimwambia siku ya kumwajiri. "Nipatie sita, wafaulu, darasa ni lako. Wakipungua au wakianguka, chumba nakirudisha kwa cherehani. Na nadharia ya muziki umeimaliza, siyo?"

"Nimeimaliza," akasema Mwalimu, bila kupepesa jicho.

Uongo mtupu. Kupuliza alijua tangu utotoni. Wimbo akiusikia leo, kesho anautoa na madoido juu. Lakini ile mistari mitano, nota nyeusi na nota nyeupe, alama za kupandisha na kushusha? Alikuwa mgeni kabisa. Sasa angesema nini? Miaka yote watu walimjua kama mke wa fulani, mama wa fulani. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumkabidhi funguo za chumba ambacho si jiko. Alikitaka chumba kile kwa roho yake yote, na dirisha lake bovu, na ubao wake uliopauka.

Kwa hiyo kila Jumatatu alasiri alikwenda kwa Afande, mzee mmoja mwenye mashavu mapana aliyestaafu kwenye bendi ya polisi, akaketi kwenye stuli na kufundishwa nadharia kama mtoto. Alichosoma Jumatatu alikifundisha Jumatano. Wanafunzi wake alikuwa amewatangulia ukurasa mmoja, na wiki nyingine nusu ukurasa.

"Nani anakukimbiza?" Afande alikuwa akiuliza. "Nota haziibiwi, mama. Zitakuwepo kesho."

"Nina haraka tu, Afande."

Naye anacheka, anamchorea mistari mitano mingine.

Basi Jumatatu moja anatoka kwa Afande, kitabu cha nadharia amekizika kapuni chini ya vitunguu, mara nani huyo anakuja upande wa pili wa barabara? Dada Mkubwa, mwenyewe, na mwavuli wake. Akasimama. Akalitazama geti, ambako Afande alikuwa ameshaanza kujipigia tarumbeta yake ya jioni. Akalitazama kapu.

"Vitunguu vizuri," akasema.

"Vya sokoni, wifi."

"Naona," akasema Dada Mkubwa, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Naona! Neno moja, lakini Mwalimu hakulala nalo. Ameona nini? Ameona kitabu? Amemwona Afande? Anajua kwamba huyu anayejiita mwalimu bado anafundishwa? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na nguo yenyewe ndiyo ile aliyoolewa nayo.

Darasani mambo yalianza vizuri, na hilo nalo lilimtia wasiwasi. Wanaoanza filimbi huanzia juu, mkono wa kushoto peke yake: si, la, so. Wale wengine walipuliza kama wanazima moto. Kulikuwa na mwanamke mmoja waliyemwita Kicheko, anapuliza mara mbili anacheka mara tatu, na Baba Pacha, mwanamume pekee, ambaye vidole vyake vilikuwa vinene hadi tundu moja likizibwa la jirani nalo limezibwa. Lakini Dada Mkubwa alikuwa safi. Akipiga si ni si, akipiga la ni la, so yake imetulia. Pumzi ndogo, mgongo umenyooka.

"Umewahi kujifunza mahali?" Mwalimu akamuuliza.

"Hapana, Mwalimu. Nafuata unavyosema."

Ati nafuata unavyosema. Mwalimu akajiambia, anayeanza hapulizi hivi. Huyu ana lake jambo.

Kisha wakaongeza mkono wa kulia, wakapiga mi bila shida, wakafika kwenye fa. Mwalimu alibandika ubaoni mchoro wa vidole: ziba gumba, ziba vitatu vya kushoto, ongeza kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Rahisi kuliko kufunga kamba za viatu. Akahesabu, wakapuliza wote, na Mungu wangu, sauti iliyotoka ilimfanya Kicheko azibe masikio yake mwenyewe.

"Tena," akasema Mwalimu.

Wakarudia. Ni kitu kile kile, sauti mbili zinasukumana mlangoni. Akapita mmoja mmoja akisikiliza. Kicheko, sawa. Baba Pacha, ajabu, sawa. Akafika kwa Dada Mkubwa. Ile fa yake ilikuwa imepanda juu ya wenzake, kali, inachoma.

"Ziba vizuri, wifi. Mwanafunzi, nasema. Ziba vizuri."

"Nimeziba, Mwalimu." Na kweli vidole vilikuwa mahali pake. Halafu Dada Mkubwa akainua kichwa, akauliza kwa ile sauti yake isiyo na chumvi wala sukari: "Mwalimu, kutoka mi kwenda fa ni hatua nzima au nusu?"

Darasa likamtazama Mwalimu. Hatua? Nusu? Ukurasa huo hajaufikia. Afande alisema ni wa wiki ijayo.

"Kwa sasa tusijichanganye," akasema. "Hilo litakuja kwa wakati wake."

"Ni kwamba nasikia yangu inakimbia mbali na mi. Za wenzangu ziko jirani."

"Nimesema litakuja!"

Kicheko akaacha kucheka. Dada Mkubwa akainamisha kichwa, akaifuta filimbi yake kwa kitambaa polepole. Mwalimu akaona kila kitu waziwazi sasa. Wiki zote hizo alipuliza vizuri ili ionekane anaweza. Sasa wamefika mahali pagumu, anaharibu kwa kusudi, halafu anauliza maswali ya kumvua mtu nguo hadharani. Ni mtego uliopangwa na mtu mwenye subira.

Jumatatu iliyofuata alimuuliza Afande swali lile lile. "Nusu," akasema Afande. "Mi na fa ni majirani wa ukuta mmoja. Hapo kati huwezi kupitisha hata mtu mwembamba. Kwa nini umelirukia hili?" Hakumjibu. Alikuwa na hasira, maana jibu lilikuwa neno moja tu, nusu, na angelijua asingeaibika.

Wiki tatu zikapita hivyo. Darasa lilipiga ngazi nzima, likapiga na vinyimbo viwili vya watoto, na kila walipofika fa ile sauti ikachoma. Mwalimu alimhamishia Dada Mkubwa nyuma. Bado ikasikika. Akamwambia apulize taratibu, ikasikika taratibu. Nyumbani, mume wake alipomuuliza mbona ana sura hiyo, alimwambia: "Muulize dada yako." Mume akasema dada yake hajasema kitu. "Ndiyo hivyo," akasema Mwalimu. "Hajasema kwako."

Kilichomaliza yote ni Mkuu wa chuo. Asubuhi moja, wiki ya mwisho kabla ya mtihani, alimsimamisha kwenye ngazi, karatasi kwapani.

"Mwalimu, kile cheti chako cha nadharia, hivi uliniletea?"

Moyo ukampiga pa! "Nitakuletea," akasema. "Kwani vipi?"

"Nakihitaji tu," akasema Mkuu, akashuka.

Anakihitaji tu! Miezi yote hakukihitaji, leo anakihitaji. Nani amemwamsha? Mwalimu alisimama pale ngazini, harufu ya rangi inampanda puani, akawapitisha watu wote kichwani, na wote wakapita isipokuwa mmoja. Geti la Afande. Kapu la vitunguu. Naona.

Akaingia darasani na uso umebadilika. Hakusalimia.

"Leo kila mmoja atapiga peke yake," akasema. "Mi, halafu fa. Basi."

Wakapiga. Mi, fa. Mi, fa. Wote sawa. Zamu ya Dada Mkubwa ikafika, mi yake ikatoka tamu kama asali, fa ikatoka vile vile, kali, juu, mbali.

"Tena."

Akarudia. Vile vile.

"Unajua unachofanya?" Mwalimu akasema. "Mimi si mtoto, wifi. Tangu siku ya kwanza najua ulikuja kufanya nini hapa. Umekuja kuniangalia nianguke, ukapeleke habari. Unaharibu kusudi. Unauliza maswali kusudi. Na ofisini umeshafika, usidhani sijui! Chukua mkoba wako utoke. Wenzako wana mtihani."

Baba Pacha alitazama viatu vyake. Dada Mkubwa akasimama, akanyoosha sketi. Machozi yalikuwa yamemjaa, naye hakuyafuta. Akachukua mkoba, akatoka. Filimbi akaiacha kwenye kiti.

"Jamani, Mwalimu," Kicheko akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Sasa tumebaki watano."

Weee! Hasira ni hasara. Sita! Mtahini hanyanyuki kwa chini ya sita. Mwalimu alijua, alikuwa amelala na namba hiyo na kuamka nayo tangu siku ya kwanza, na bado ulimi ulimtangulia.

"Na mambo ya ofisini," Kicheko akaongeza kwa upole, "kama ni vyeti, Mkuu anawauliza walimu wote. Yule wa cherehani jana amegeuza nyumba nzima juu chini anatafuta chake. Wakaguzi wanakuja mwezi ujao."

Mwalimu akaketi. Akawaruhusu waondoke mapema, akabaki peke yake na ile filimbi juu ya kiti.

Aliichukua bila kufikiri, labda ili apate cha kushika. Akaipangusa mdomo, akapiga so. Safi. Mi, safi. Akapiga fa kwa vidole vyake mwenyewe, vilivyopiga fa tangu utotoni, na ile sauti kali ikatoka, juu, mbali, ile ile. Akairudia. Akaziba kwa nguvu hadi matundu yakamchora kwenye ngozi, na fa haikuteremka hata kidogo.

Alitoa yake mkobani, akazilaza mbili mezani, mdomo kwa mdomo. Kwa mbali ni pacha. Kwa karibu, tundu la tano la filimbi yake lilikuwa dogo kuliko la nne. Kwenye ile ya Dada Mkubwa ni kinyume. La nne ndilo dogo, la tano limepanuka. Zile tano za chuo zilikuja kwenye paketi moja, zote kama yake. Dada Mkubwa aliandikishwa wa mwisho, paketi imeisha, akajinunulia dukani.

Hakungoja Jumatatu. Akaenda kwa Afande mbio, kitabu mkononi, bila kapu wala kitunguu.

"Kumbe hukujua?" Afande akasema, akiigeuza ile filimbi kwenye mwanga. "Ziko za namna mbili. Yako, fa ni kidole kimoja cha kulia. Hii haikubali hivyo, inapanda. Hii unaziba cha shahada, unaacha cha kati wazi, unaziba cha pete na kile kidogo. Tazama." Akapuliza, na fa ikashuka ikaketi karibu na mi, mahali pake hasa. "Huyu mwenye filimbi hii, sikio lake zuri. Wengi wasingejua kwamba iko juu."

"Alijua," akasema Mwalimu. "Aliniambia." Akaona haya hadi masikio yakawaka.

Dada Mkubwa alifanya kazi katika shule ya chekechea nyuma ya kituo cha mafuta. Mwalimu alimkuta uani, ameinamia beseni, anasuuza vikombe vya watoto vya plastiki na kuvipanga juani. Alimwona Mwalimu akija, akaendelea kusuuza.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

Mwalimu alikuwa amepanga maneno njia nzima, yote yakamkimbia. Akaitoa ile filimbi. "Si wewe. Ni hii. Ni ya namna nyingine, vidole vyake vya fa ni vingine, na mimi nilikuwa sijui. Ulisema kweli. Ilikuwa mbali na mi, ulisikia sawasawa. Nimekukosea, wifi, tena mbele za watu."

Dada Mkubwa akapanga kikombe. Akapanga kingine.

"Unajua kwa nini nilikuja kwako?" akasema. "Kuna chuo kingine karibu na kwangu, sipandi hata ngazi. Mimi ni mtu mzima, wifi. Nikikosea watu wananicheka, na mimi kuchekwa kunaniuma hadi nashindwa kula. Nikasema, niende kwa ndugu yangu. Hata nikikosea, nitakuwa nimekosea kwa ndugu."

Mwalimu alikosa pa kuweka macho.

"Na kwa Afande nilikuona," Dada Mkubwa akaendelea. "Kitabu kilikuwa kimetokeza pembe. Nikasema moyoni, loo, huyu anafundisha na bado anasoma, hana majivuno. Nilifurahi. Sikumwambia mtu, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa umekifunika."

Mwalimu akapiga magoti pale uani, majimaji yakamlowesha gauni, akamwonyesha vidole: hiki ziba, hiki wacha, hivi viwili ziba. Dada Mkubwa alitazama, lakini mikono yake aliiacha ndani ya beseni.

"Mtihani ni Ijumaa," akasema Mwalimu. "Utakuja?"

"Iweke pale juu ya meza," akasema Dada Mkubwa. Akachukua kikombe kingine.

Ijumaa ikafika na Dada Mkubwa hakufika. Watano walisimama mstarini, nguo zimepigwa pasi, Baba Pacha ananyoosha vidole vyake kimoja kimoja. Mwalimu alichungulia ngazini mara nyingi hadi shingo ikamuuma. Analipiza kisasi, akawaza. Ana haki, lakini analipiza kisasi. Anajua bila yeye nimekwisha, amekaa huko anaangalia saa. Chini, mbele ya duka la rangi, gari la mtahini likasimama.

Mkuu wa chuo aliingia, akahesabu kwa macho. "Wa sita yuko wapi?"

Mwalimu akapiga moyo konde. Akafungua mkoba, akatoa filimbi yake mwenyewe, akaenda kusimama mwisho wa mstari.

"Wa sita ni mimi."

"Wewe ni mwalimu. Una cheti."

"Sina. Nilikudanganya. Nasoma kila Jumatatu kwa Afande wa bendi, niko sawa na hawa, ukurasa mmoja mbele. Niandike."

Uso wa Mkuu ukabadilika rangi. "Unaniambia leo? Mtu yuko kwenye ngazi!"

"Ningekuambia jana ungefunga darasa jana."

Wale watano hawakujua watazame wapi. Kicheko alijibana mbavu. Mkuu akasaga meno, akaandika jina kwa kalamu iliyokaribia kutoboa karatasi. "Tutaongea baadaye," akasema, akageuka kumkaribisha mtahini, mama mmoja mfupi mwenye miwani mizito na begi la ngozi.

Mtahini hajaketi sawasawa, mlango ukafunguka tena. Dada Mkubwa, anahema, mkono una alama ya chaki ya rangi.

"Samahanini. Kuna mtoto alichelewa kuchukuliwa, nisingeweza kumwacha."

Akaingia mstarini, kando ya Mwalimu, bila kumtazama. Mwalimu alitaka kulia na kupiga kelele kwa pamoja. Dakika tano! Angefika dakika tano kabla, siri ingebaki siri. Na mdudu yule wa moyoni, ambaye hafi kirahisi, akamnong'oneza: amechelewa makusudi, amengoja mlangoni mpaka ujianike.

Mtihani ukaanza. Mmoja mmoja walipiga ngazi, wakasoma nota kwenye karatasi, wakajibu maswali. Dada Mkubwa alipopiga, cha kati kikainuka, cha pete na kidogo vikashuka, na fa ikaketi jirani na mi kama imezaliwa pale. Alikuwa amejifundisha nyumbani, vidole havikusita.

Mtahini akavua miwani. "Vidole vyako vya fa ni tofauti na vya wenzako, na ni sahihi kwa filimbi hiyo. Walimu wengi hawalijui hilo. Nani amekufundisha?" Akatazama huku na huku. "Na mwalimu wenu yuko wapi? Naona wanafunzi saba, mwalimu simwoni."

Mkuu akakohoa. Dada Mkubwa akavuta pumzi, na Mwalimu, shahidi ni Mungu, akafumba macho, maana alijua sasa ndiyo anauzwa, mbele ya mtahini, mbele ya Mkuu, na deni la aibu ya siku ile linalipwa lote.

"Mwalimu wetu ni huyu," akasema Dada Mkubwa. "Hivi vidole alinifuata kazini akanifundisha, amepiga magoti kwenye maji machafu. Amesimama huku kwa sababu na yeye anasoma. Alikuwa anaogopa kusema."

Mtahini akamtazama Mwalimu. "Haya," akasema, akavaa miwani. "Aliye mwisho, zamu yako. Ngazi, juu hadi chini."

Mwalimu akainua filimbi. Akaanza, do, re, mi, akafika fa, na kwa mshangao wa watu wote kidole kikateleza, filimbi ikalia mlio wa kuku aliyekanyagwa. Fa ile ile! Kicheko hakuweza tena, kikamtoka kicheko cha puani. Mwalimu akasimama pale, uso unawaka, anatamani sakafu ipasuke.

"Rudia," akasema Dada Mkubwa, kwa sauti ndogo. "Si ndugu tu hapa? Rudia."

Akarudia. Ikatoka.

Walifaulu wote saba. Cheti cha Mwalimu kilikuwa cha ngazi ya kwanza kama cha wanafunzi wake, na Mkuu alikitazama kwa muda kabla ya kumkabidhi. "Cha chini kuliko vyote nilivyowahi kuona kwa mwalimu," akasema. "Ukinidanganya tena nitakutoa na dirisha lako. Jumatano uje, kuna wengine wanane wanataka kuanza."

Kwenye ngazi Mwalimu alimkimbilia Dada Mkubwa. "Wifi, nakushukuru. Nilikudhania vibaya tangu siku ya kwanza."

"Najua. Nilikuwa naona." Dada Mkubwa alikuwa anafunga mkoba wake. "Sijasahau, wifi. Kufukuzwa mbele za watu hakuishi kwa wiki moja, usinidanganye na mimi sitakudanganya. Lakini Jumatatu nitakupitia twende wote kwa Afande. Nataka kujua habari za hizo nusu."

Mwalimu alisimama akimwangalia anavyoshuka. Kwa desturi yake angeyageuza maneno yale na kuyapindua kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele, aone kilichojificha. Safari hii aliyachukua kama yalivyosemwa, yale ya kuuma na yale mengine, akashuka nyuma yake.